Hesabuni Chembe: Hotuba Kuhusu Kiwango cha Mchemko cha Miyeyusho

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi na walimu wa kemia. Kwa kuwa wengi walikosa nafasi ya kufika, nimeiandika yote hapa kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Walimu wenzangu, wanafunzi wangu wapendwa, nanyi wageni mliokuja kusikiliza, nawasalimu nyote.

Kanuni itafika baadaye. Nataka kwanza muone bika mbili. Kila bika ina kilo moja ya maji safi. Katika bika ya kwanza natia gramu 58.5 za chumvi ya kawaida. Katika ya pili natia gramu 342 za sukari. Nakoroga mpaka vyote vimepotea majini, kisha naziweka zote mbili motoni. Ipi itachemka kwenye halijoto ya juu zaidi?

Nyosheni mikono. Wanaosema sukari? Naam, naona ni zaidi ya nusu ya ukumbi. Na mna sababu, maana sukari ni nzito karibu mara sita kuliko chumvi niliyotia. Ukiibeba unaisikia mkononi.

Basi sikilizeni. Maji ya sukari yatapanda kwa takriban nusu ya nyuzi ya Selsiasi. Maji ya chumvi yatapanda kwa takriban nyuzi moja nzima. Kile kidogo kimefanya kazi mara mbili ya kile kikubwa!

Kwa nini? Kwa sababu maji hayana mizani. Maji hayajui gramu. Gramu 342 za sukari ni moli moja ya molekuli; moli ni kipimo cha idadi ya chembe, kama dazeni, ila ni idadi kubwa mno. Gramu 58.5 za chumvi nazo ni moli moja, lakini chumvi ikiingia majini haibaki nzima: inaachana, sodiamu huku, kloridi kule, na moli moja inakuwa moli mbili za chembe. Maji yanahesabu vichwa. Yameona vichwa viwili kwa kimoja, yakapanda mara mbili.

Nimesahihisha karatasi za mitihani kwa miaka mingi, na ninawaambia kwa uchungu: wanaokosa swali hili wengi wao kanuni wanayo. Wameiandika vizuri, juu kabisa ya ukurasa, na mstari wameipigia. Kisha wanahesabu gramu. Au wanahesabu lita. Au wanahesabu chembe nusu wakasahau nusu. Leo nataka tuhesabu chembe. Tuhesabu chembe mpaka iwe tabia.

Lakini kabla ya kuhesabu, tuulizane: kwa nini kiwango cha mchemko kinapanda hata kidogo?

Kimiminika kinachemka pale kanieneo ya mvuke wake, yaani nguvu ya msukumo wa mvuke huo, inapofikia kanieneo ya hewa inayokikandamiza. Kwa maji safi, usawa wa bahari, hilo hutokea kwenye nyuzi 100. Ukitia ndani yake kitu kisichogeuka mvuke, kanieneo ya mvuke inashuka. Sasa maji yale yale, kwenye nyuzi zile zile 100, hayajafika. Inabidi uyaongezee joto ili yafike.

Kanieneo inashuka kwa sababu gani? Vitabu vingi vinatoa picha ya mlango, nami nitaitoa. Fikirieni ukumbi huu una mlango mmoja na kila mtu anataka kutoka. Nikiwachanganya na watu waliofungwa vitini, wengine wakiwa wameketi pale pale penye mlango, mtatoka taratibu zaidi. Wanaoingia kutoka nje hawakuzuiwa, wanaotoka wamezuiwa, na idadi iliyoko nje inapungua.

Ni picha nzuri. Lakini msiikumbatie sana, maana ina kasoro, na kasoro yenyewe ina mafunzo. Kama jambo lote lingekuwa kuziba mlango, basi molekuli kubwa ya sukari ingeziba zaidi kuliko ayoni ndogo ya sodiamu, ile chembe yenye chaji ya umeme inayoachana na chumvi. Mtu mnene anaziba mlango kuliko mtoto, siyo? Lakini vipimo vinakataa. Kubwa na ndogo zinafanya kazi ile ile, kichwa kwa kichwa. Kwa hiyo sababu ya kweli iko ndani zaidi. Maji yakichanganyika na kitu kingine yanapata namna nyingi zaidi za kujipanga kuliko yakiwa peke yake. Wanakemia huita jambo hilo entropi. Molekuli ya maji inapotoka kuwa mvuke hupata uhuru, na uhuru ule ndio unaoivuta. Ikiwa huku ndani nako imeshapata uhuru wa ziada, mvuto wa kutoka unapungua. Na uhuru huo wa ziada unategemea chembe ngapi zimechanganywa, hautegemei ni za nani wala zina uzito gani.

Mfaransa François-Marie Raoult, aliyefanya kazi mjini Grenoble, ndiye aliyelionyesha hili kwa vipimo katika miaka ya 1880. Alichoona kinaweza kusemwa kwa pumzi moja: kanieneo ya mvuke ya kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha, inashuka kwa sehemu ile ile ambayo kiyeyushwa, yaani kitu kilichoyeyushwa, kimechukua katika hesabu ya chembe zote.

Sasa tulieni, maana hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Wengi wenu mmeikariri namba 0.512. Mnaiandika kila siku: kigezo cha maji, 0.512, yaani nyuzi ambazo mchemko hupanda ukitia moli moja ya chembe katika kilo moja ya maji. Imetoka wapi? Imeshuka mbinguni? Hebu tuitengeneze sisi wenyewe, hapa hapa, kwa hesabu ya kichwani.

Kilo moja ya maji ina moli 55.5 za maji. Natia moli moja ya sukari. Jumla ni moli 56.5. Sehemu ya sukari ni 1 kwa 56.5, yaani asilimia 1.77. Kwa mujibu wa Raoult, kanieneo ya mvuke imeshuka kwa asilimia 1.77. Kwenye nyuzi 100 kanieneo hiyo ilikuwa kilopaskali 101.3, kwa hiyo tumepoteza kilopaskali 1.79. Tunazirudishaje? Kwa joto. Karibu na nyuzi 100, kila nyuzi moja unayoongeza hupandisha kanieneo ya mvuke wa maji kwa kilopaskali 3.6 hivi. Gawanyeni: 1.79 kwa 3.6. Mmepata ngapi?

Nusu! Karibu nusu nyuzi! Ile 0.512 mliyokuwa mnaikariri kama namba ya simu, mmeitengeneza kwa dakika mbili, na hakuna aliyefungua kitabu.

Kwa wanaotaka njia kamili: chukua kigezo cha gesi 8.314, zidisha kwa kipeo cha pili cha kiwango cha mchemko kwa kelvini, zidisha kwa uzito wa moli moja ya kiyeyushi kwa kilo, kisha gawanya kwa joto linalohitajika kuigeuza moli hiyo kuwa mvuke. Kwa maji: 8.314 mara kipeo cha pili cha 373.15, mara 0.018, gawanya kwa jouli 40,660. Utapata 0.51. Na hapo utaona kwa nini kila kimiminika kina kigezo chake. Molekuli ya maji ni nyepesi na kuigeuza mvuke kunadai joto jingi, ndiyo maana kigezo chake ni kidogo. Ethanoli ina 1.22, benzini 2.53, klorofomu 3.63, tetrakloridi ya kaboni 5.03. Chembe zile zile, zikitiwa kwenye tetrakloridi ya kaboni, zitapandisha themometa karibu mara kumi ya zinavyoipandisha majini.

Haya, sasa kanuni. Kupanda kwa kiwango cha mchemko ni sawa na i mara K mara m. K ni kigezo cha kiyeyushi, hicho tumekimaliza. i ni idadi ya vipande ambavyo kila kiyeyushwa kinavunjikia, nitakuja kwake. Na m? m ni molaliti: moli za kiyeyushwa kwa kila kilo ya kiyeyushi.

Ya kiyeyushi! Narudia. Kilo ya kiyeyushi, si kilo ya myeyusho. Si lita ya myeyusho.

Kuna mwanafunzi mmoja, kijana hodari, ambaye karatasi yake sitaisahau. Swali lilikuwa ile bika yetu ya sukari: gramu 342 katika kilo moja ya maji. Alijumlisha sukari na maji akapata kilo 1.342, akagawanya moli moja kwa hiyo, akapata 0.745, akazidisha na kupata nyuzi 0.38 badala ya 0.51. Nilimwita nikamuuliza, umekuwa ukifanya hivi tangu lini? Akajibu, tangu mwanzo, mwalimu, na siku zote nilikuwa napata. Nikapekua madaftari yake. Kweli alikuwa anapata! Mazoezi yote aliyopewa yalikuwa na kiyeyushwa kidogo, gramu 5, gramu 10 katika kilo ya maji. Ukitia gramu 10 katika kilo moja, kosa lile linaharibu jibu kwa asilimia moja tu, na ukikadiria namba linapotea lisionekane. Kosa lake liliishi miaka miwili likiwa limejificha ndani ya majibu sahihi. Walimu wenzangu, hili ni letu. Tuwape mazoezi ambamo kosa haliwezi kujificha.

Na mtu akiuliza kwa nini tunasumbuka na molaliti wakati lita ni rahisi kupima, jibu ni kwamba tunapasha joto. Kimiminika kikipata moto kinatanuka, na lita uliyopima asubuhi si lita ile ile kwenye mchemko. Kilo haibadiliki.

Sasa i. Hapa pana watu watatu wa kuwasimulia.

Katika miaka ya 1880 Mholanzi Jacobus van 't Hoff alikuwa anaunganisha sheria za miyeyusho, na kila kitu kilikaa vizuri isipokuwa chumvi, asidi na besi. Zenyewe zilikuwa zinatoa matokeo makubwa kuliko hesabu, karibu mara mbili, wakati mwingine mara tatu. Van 't Hoff alifanya kitu cha uaminifu: aliweka herufi i kwenye kanuni ili izidishe jibu mpaka lilingane na kipimo, bila ya kuwa na maelezo kamili ya kwa nini. Kule Uswidi kulikuwa na kijana, Svante Arrhenius, aliyekuwa ametetea tasnifu yake Uppsala mwaka 1884 kuhusu umeme katika miyeyusho, akapewa alama ya chini. Wakubwa wake hawakuvutiwa. Lakini mwaka 1887 aliitazama ile i ya van 't Hoff akasema: hii ni hesabu ya vipande. Chumvi ikiyeyuka majini inaachana kuwa ayoni, hata kabla hujapitisha umeme wowote. Kloridi ya sodiamu, vipande viwili. Kloridi ya kalisi, vitatu. Van 't Hoff alipata Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya kemia, mwaka 1901. Arrhenius akaipata mwaka 1903, yule yule mwenye alama ya chini.

Lakini ninyi msiandike 2 kwa chumvi kisha mkalala. Ukipima kwa uangalifu myeyusho wa kloridi ya sodiamu wenye molaliti 0.1, utaona i ni kama 1.87. Salfeti ya magnesiamu, ambayo ingetakiwa kuwa 2, hata kwenye molaliti 0.05 inatoa kama 1.3 tu. Mbona? Kwa sababu ayoni zenye chaji kinyume zinavutana. Hata zikiwa zimeachana, nyingine zinatembea zimeshikana mikono, na maji yanaziona kama kichwa kimoja. Magnesiamu na salfeti zina chaji mbili mbili kila moja, kwa hiyo mshiko wao ni mkali zaidi. Kadiri myeyusho ulivyo mwepesi, ndivyo i inavyokaribia namba kamili, maana ayoni zinakuwa mbali mbali.

Na kuna vitu vinavyokwenda upande wa pili. Asidi benzoiki ina uzito wa moli wa gramu 122. Iyeyushe kwenye benzini, pima, kisha kokotoa uzito wake: utapata namba inayokaribia 244. Molekuli zimejipanga mbili mbili, jozi kwa jozi, na i imekaribia nusu. Kiyeyushi, hapa benzini, kimehesabu jozi kama kichwa kimoja. (Benzini ni sumu inayosababisha saratani. Mfano huu tuuache kwenye karatasi, asiujaribu mtu.)

Mtu wa tatu ni Ernst Beckmann, Mjerumani. Yeye alikuwa na kampaundi ambazo alitaka kujua uzito wa molekuli zake, na wakati huo hakukuwa na mashine za kupima molekuli moja moja kama spektrometa za masi tulizonazo leo. Akaigeuza kanuni. Kama najua gramu nilizotia, na themometa inaniambia chembe ni ngapi, basi nagawanya gramu kwa chembe na kupata uzito wa chembe moja. Tatizo likawa themometa. Themometa ya kawaida inasoma kuanzia 0 hadi 100 na zaidi, na sehemu za mia za nyuzi huwezi kuziona. Beckmann akatengeneza themometa ndefu yenye nyuzi tano au sita tu kwa urefu wake wote, kila nyuzi imegawanywa sehemu 100, na juu ina kihifadhi cha zebaki ili uweze kuongeza au kupunguza zebaki kulingana na halijoto unayofanyia kazi. Haikuambii ni nyuzi ngapi. Inakuambia imepanda kiasi gani, na hicho tu ndicho anachokihitaji.

Nataka muone nguvu ya njia hii. Chukueni salfa, ule unga wa njano. Jedwali la elementi linasema atomu yake ina uzito wa 32. Tuyeyushe gramu 5.13 katika gramu 100 za disalfaidi ya kaboni, ambayo kigezo chake ni 2.34. Kama salfa inaelea humo ikiwa atomu moja moja, basi tuna moli 0.16 katika kilo 0.1, molaliti 1.6, na kiwango cha mchemko kitapanda kwa nyuzi 3.74. Nendeni mkapime. Kinapanda kwa takriban 0.47 tu.

Imepungua mara ngapi? Gawanyeni 3.74 kwa 0.47. Mara nane! Atomu za salfa zimeshikana nane nane, pete ya atomu nane, na kiyeyushi kimehesabu kila pete kichwa kimoja. Hakuna hadubini hapo. Hakuna miale. Kuna moto, chupa na themometa nzuri, na umejua kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Mimi kila nikifundisha hesabu hii moyo wangu unachangamka kama siku ya kwanza.

Sasa tutoke kwenye karatasi twende maabara, maana huko nako hesabu inaharibika.

Nilipokuwa mwanafunzi, shule yetu ilikuwa mwinukoni, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kikundi chetu tulipewa kazi: gramu 29 za chumvi, gramu 500 za maji, chemsheni, andikeni. Tukachemsha. Themometa ikatulia kwenye nyuzi 96. Kitabu kinasema maji huchemka kwenye 100. Tukaandika kwa kujiamini kabisa kwamba chumvi inashusha kiwango cha mchemko kwa nyuzi 4. Mwalimu wetu akasoma, hakukasirika, hakufuta. Alisema maneno matatu: "Chemsheni maji matupu." Tukachemsha. Nyuzi 95.

Mmeona? Kule juu hewa ni nyepesi, maji yanafikia kanieneo yake mapema. Tulikuwa tumeondoa 100 badala ya kuondoa 95. Kanuni inazungumzia tofauti kati ya kiyeyushi safi na myeyusho, mahali pamoja, siku moja. Nasema siku moja kwa makusudi. Kanieneo ya hewa ikibadilika kwa kilopaskali moja, kama inavyobadilika hali ya hewa ikigeuka, maji yanasogea karibu nyuzi 0.28. Na hapa niwajibu wanaoamini kwamba chumvi kidogo kwenye sufuria inabadilisha sana mchemko. Gramu 10 katika kilo ya maji ni moli 0.17, mara mbili, mara 0.512, ni nyuzi 0.175. Wingu la mvua likipita juu ya nyumba linasogeza mchemko kuliko chumvi ile.

Kosa jingine ni mahali pa kuweka themometa. Ukiininginiza kwenye mvuke juu ya myeyusho, mvuke utapoa na kuwa matone juu ya balbu yake, matone ya kiyeyushi safi, na utasoma kiwango cha kiyeyushi safi. Chumvi haikupanda na mvuke. Ukiitumbukiza ndani unakutana na shida nyingine, kwamba kimiminika kinaweza kupita kiwango chake bila kuchemka kisha kikalipuka ghafla. Vipande vidogo vya kauri chini ya chupa vinasaidia. Mwaka 1919 Mmarekani Frederick Cottrell alitoa ufumbuzi mzuri: pampu ndogo ya kioo inayotumia mapovu yenyewe kurusha myeyusho unaochemka juu ya balbu, ili balbu ioshwe muda wote na kimiminika kilicho sawa na mvuke wake. Pia msisahau kirudishio cha mvuke, kile kifaa kinachoupoza mvuke ili urudi chupani. Mvuke ukitoroka, kiyeyushi kinapungua, molaliti inapanda, na themometa itaendelea kupanda mbele ya macho yako bila kutulia.

Jambo langu la mwisho ni mipaka. Kanuni hii ni ya miyeyusho myepesi na viyeyushwa visivyogeuka mvuke. Tia ethanoli majini na mchemko utashuka, kwa sababu ethanoli nayo inatoka na kuongeza mvuke wake. Na myeyusho ukiwa mzito, kanuni inaanza kusema uongo kidogo kidogo. Maji yaliyojaa chumvi mpaka haiyeyuki tena yanachemka karibu nyuzi 108.7, wakati kanuni inatoa kama 107. Chembe nyingi zimeyashika maji kuzizunguka, maji yaliyo huru yamebaki machache, na molaliti halisi ni kubwa kuliko tuliyoandika. Wahandisi wanaochemsha maji ya bahari ili kupata maji safi hawawezi kulipuuza hili. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa kila kilo, na yanachemka zaidi kidogo ya nusu nyuzi juu ya maji safi. Nusu nyuzi ni ndogo, lakini mitambo yao inachemsha kwa hatua nyingi zinazopokezana joto, na nusu hiyo inapotea kwenye kila hatua, ikikua kadiri maji yanavyozidi kuwa mazito.

Nawaachia swali, na majibu mtanipa pale mlangoni. Bika ya kwanza ina gramu 54 za glukosi, uzito wa moli 180, katika gramu 250 za maji. Bika ya pili ina gramu 11.1 za kloridi ya kalisi, uzito wa moli 111, katika gramu 250 za maji. Kokotoeni zote mbili kwa kanuni. Kisha mniambie, tukizichemsha kweli, themometa ya bika ipi itasoma chini kidogo ya hesabu yenu, na ni chembe zipi zilizoshikana mikono.